Kigawo Kimoja cha Nyumba Mbili

"Anza tena, baba. Polepole tu, mimi sina haraka."

Huo ulikuwa uongo, na Subilaga Mwalupindi hakuwa mwongo hodari. Haraka alikuwa nayo mpaka kwenye nyayo. Ilikuwa Jumatano asubuhi, na Ijumaa saa kumi jioni nyumba ya mzee Gwamaka Mwaisumo ingetimiza mwaka mzima wa kimya. Nyumba ikimaliza mwaka bila kufunguliwa na mwenyewe, hifadhi yake ya sauti hufutwa. Sheria hiyo hakuitunga Subilaga, naye aliikuta. Yeye alikuwa mkaguzi wa namba pale Tukuyu, mwaka wa kumi na tisa kazini, na kama ungemuuliza juu ya sheria hiyo angekuambia neno moja ambalo halifai kuandikwa.

Mzee Gwamaka akakohoa, akaweka viganja juu ya magoti, akaimba. Miaka themanini na moja ilikuwa haijamnyang'anya besi yake ya kwaya. "Saba, tatu, tisa, sifuri, moja, nne, nne..." Akaenda vizuri, akapita hamsini, akapita sitini, na Subilaga akajikuta amekaza ngumi kama anayeangalia mtoto akijifunza kutembea. Kwenye tarakimu ya sabini mzee akanyamaza, mdomo wazi.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo panaponishinda tangu kile kiharusi. Najua inafuata nane. Baada ya nane ni ukungu mtupu, mwanangu."

Wimbo wake ulikuwa na tarakimu mia tatu na tisa.

Kila ndoa ya zama hizo ilianza kwa namba. Upande wa bwana ulileta namba tasa moja, ndefu kama msafara wa siafu, isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe. Upande wa bibi ulileta nyingine. Mashine ya ofisi ikazizidisha mbele ya wageni, vigelegele vikapigwa, na jibu lake, tarakimu mia sita na kumi na nane, likachorwa juu ya mlango wa maharusi, mpita njia yeyote alisome. Kuisoma namba ya nyumba ni bure. Kuigawa ndiyo kazi. Ungechukua mashine zote za dunia, ukaziunganisha, ukaziambia zisilale mpaka kiama, zisingeweza kuitazama namba ile ya mlangoni na kukuambia ilizaliwa na zipi mbili. Lakini mwenye moja anazo zote mbili, maana anagawanya mara moja tu na ya pili inatoka yenyewe. Ndiyo maana vigawo havikuandikwa popote. Viliimbwa. Mama alimfundisha binti jikoni mwezi mzima kabla ya harusi, na kijana alifundishwa na baba zake, na kila mmoja alikufa na wimbo wake.

Subilaga akafunga daftari. "Baba, ungekumbuka nusu ya wimbo, ningekusaidia. Kuna njia. Hesabu zina huruma kwa mtu mwenye nusu. Lakini sabini kati ya mia tatu..."

"Hazitoshi."

"Hazitoshi."

Mzee akatazama kisanduku cha sauti kilichokuwa ukutani, cheusi, kidogo, hata hakijazi kiganja, kisichofunguka ila kwa kuimbiwa wimbo wa nyumba. Ndani yake marehemu mkewe, Tupokigwe, alikuwa ameweka neno kila Jumapili baada ya ibada, kwa miaka arobaini na minane. Sauti ya mtu siku hizo haikuruhusiwa kuwekwa mahali pengine popote. Ilikatazwa tangu matapeli walipoanza kuwapigia watu simu kwa sauti za wafu wao.

"Picha zake ninazo," alisema mzee. "Sura haijaniacha. Sauti ndiyo imekwenda. Juzi nilikaa hapa nikajaribu kumsikia kichwani akiniita nikale. Unajua nilimsikia nani? Mtangazaji wa redio! Yule wa taarifa ya hali ya hewa." Akataka kucheka, kicheko kikageuka njiani. "Nimeishi naye karibu miaka hamsini, halafu ananiita mtu wa hali ya hewa."

Subilaga akamshika mkono. Nje mvua ya Tukuyu, ambayo haijawahi kumwomba mtu ruhusa, ilianza kupiga bati.

"Mama mkwe angekuwepo angejua la kufanya," mzee akaendelea. "Bibi Atuganile. Alikuwa mwanamke mkaidi kuliko punda, lakini akili alikuwa nayo. Aliwaoza mabinti zake mapacha siku moja, Tupokigwe na Tusekile, kanisa moja, ng'ombe mmoja. Akasimama akasema, 'Hawa nimewapa ziwa moja, nitawapa na namba moja.' Watu wakacheka. Mke wangu alipenda sana kulirudia neno hilo, hasa mwisho mwisho alipokuwa anaumwa. Ziwa moja, namba moja. Sijui kwa nini."

Subilaga akauachia mkono wa mzee, akachukua daftari lake, akaaga.

*

Ofisini aliwasha taa, akafungua kumbukumbu za ndoa za miaka arobaini na tisa iliyopita. Harusi mbili, Jumamosi moja, mama mmoja. Kwenye ukurasa wa Tusekile karani wa siku hizo ameandika: *Namba ya bibi harusi imetafutwa na mashine, dakika kumi na moja.* Kwenye ukurasa wa Tupokigwe, kwa mwandiko ule ule: *Namba imeletwa tayari.*

Imeletwa tayari! Subilaga alikaa chini. Namba tasa ya tarakimu mia tatu na tisa haipatikani jikoni karibu na chungu; kila upande hutafutiwa yake na mashine ya ofisi. Kama ililetwa tayari, ilitoka mahali, na mahali penyewe ni ukurasa wa juu yake. Bibi Atuganile hakukubali kuwatenga wanawe, akawaimbisha wimbo mmoja jikoni kwake, na karani, ama kwa uvivu ama kwa kumwogopa, akazidisha akanyamaza.

Alichukua karatasi, akafanya hesabu ndogo kama alivyofundishwa mwaka wa kwanza, kwa sababu akili yake ilikuwa inakataa kuamini. Chukua mia mbili ishirini na moja, na mia mbili tisini na tisa. Usijue lolote juu yao. Toa ndogo kwenye kubwa, inabaki sabini na nane. Itoe sabini na nane kwenye ile ndogo mara mbili, inabaki sitini na tano. Toa sitini na tano kwenye sabini na nane, inabaki kumi na tatu. Toa kumi na tatu kwenye sitini na tano mara tano, hakibaki kitu. Basi, kumi na tatu ndiyo imo ndani ya zote mbili. Hukuhitaji kukisia wala kutafuta, ulitoa tu, ukatoa tena.

Na hivyo hivyo kwa namba ndefu. Namba ya nyumba ikiwa peke yake ni jabali. Lakini ukiweka pamoja namba mbili zenye kigawo kimoja, zinasalitiana hapo hapo. Ndiyo maana sheria ilikataza mtu yeyote kulinganisha namba za nyumba mbili bila idhini ya wenyewe. Na ndiyo maana mkaguzi yeyote akijua kwamba nyumba mbili zina kigawo kimoja, aliapa kuziandika siku hiyo hiyo katika Daftari la Nyumba Zilizovunjika, na hifadhi zote mbili zifutwe kabla mwizi hajawahi.

Alikuwa na namba ya mlango wa mzee Gwamaka. Namba ya mlango wa Tusekile ilikuwa wazi kwa umma, akaipata. Akaziweka juu ya kioo, moja juu, moja chini. Kitufe kilikuwa kimoja. Mashine isingechukua hata muda wa kupiga chafya.

Akaweka kidole juu ya kitufe. Akamwona mzee Gwamaka anamsikia mkewe akimwita akale. Machozi yakamtoka, kwa kweli, mtu mzima wa miaka arobaini na minne ofisini peke yake. Halafu akafikiria upande wa pili. Akibonyeza, atakuwa na ufunguo wa nyumba ya mwanamke ambaye hajamwona hata siku moja, mwanamke ambaye hakumpa. Atakuwa ameingia kwa mtu bila hodi, na akishaingia hawezi tena kutoka, maana namba ukishaijua umeijua.

Akaondoa kidole. Akafuta kioo. Akaandika kwenye kidaftari chake anwani ya Tusekile, Masoko, chini ya mashamba ya chai.

*

Alhamisi alipanda behewa la waya, moja la yale yanayobeba chai juu ya mabonde, akakaa katikati ya magunia mpaka Masoko. Tusekile alikuwa barazani anamenya ndizi. Mwanamke mwembamba, mkongojo umeegemea ukuta, macho ya mtu asiyependa wageni wa ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni kuhusu mita ya maji, mwambie aliyekutuma nimelipa."

"Siyo maji, mama. Ni kuhusu mzee Gwamaka."

Kisu kikasimama. Subilaga akaeleza yote pale pale, hakuzungusha maneno: wimbo uliokatika, mwaka wa kimya, neno la Bibi Atuganile, ukurasa ulioandikwa *imeletwa tayari*. Tusekile alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Kwa hiyo umeshagawanya," alisema. "Umeshaingia."

"Hapana. Nimekuja kuuliza."

"Ungeweza?"

"Kufumba na kufumbua, mama."

"Na hukufanya."

"Ningekuwa nimeingia kwako bila hodi."

Tusekile akaweka kisu kwenye beseni. Alianza kutikisika mabega, na Subilaga akadhani anacheka, kumbe sivyo.

"Miaka thelathini na moja," alisema alipoweza. "Miaka thelathini na moja namtafuta mtu mmoja, mmoja tu, anayeamini kwamba binadamu anaweza kuwa na ufunguo na asiingie. Pacha wangu hakuamini. Siri yake moja ilivuja kijijini, sijui aliivujisha nani, akaja hapa kwenye baraza hili akaniambia, 'Ni wewe, maana ni wewe peke yako unayeweza.' Kweli, niliweza. Tangu siku ya harusi niliweza. Sikuingia hata siku moja! Nikaapa wimbo ule sitautamka tena mbele ya mtu. Kumzika sikwenda. Nilisimama hapo kwenye mgomba, nikasikia kengele ya kanisa, nikarudi ndani nikapika."

 Subilaga akasema lile lililomleta na lililokuwa gumu kuliko yote. "Mama, ukija ukaimba, mimi nitakuwa nimejua kwa hakika. Sheria inanitaka niziandike nyumba zote mbili siku ile ile, na zifutwe. Najua mna nini humo."

"Humu yumo Ipyana," Tusekile alisema upesi. "Mwanangu. Alifariki ana miaka tisa. Anasema jedwali la sita, anakosea sita mara nane. Ndicho nilichobaki nacho."

"Nimefikiri usiku mzima. Sitaandika kesho. Nitaandika Jumatatu. Kati ya hapo nyie wawili mtaomba namba mpya, mhamishe sauti zenu, na mimi mwenyewe nitawasaidia. Jumatatu nitaandika nyumba mbili tupu. Na chini yake nitaandika kwamba mkaguzi alijua siku tatu akanyamaza."

"Na kazi yako?"

"Kibarua kitaota nyasi, huenda." Alijaribu kutabasamu. "Na nikisema sioni aibu, nadanganya. Siku hizo tatu milango yenu itakuwa wazi kwa mwizi yeyote mwenye akili, nami niliapa kuilinda. Sijui kama ninafanya sawa, mama. Najua tu siwezi kumfuta mtoto anayekosea sita mara nane."

Tusekile alichukua ndizi nyingine, akaigeuzageuza, hakuimenya. "Sitakuja," alisema. "Niache, binti. Nimechelewa mwaka mzima, nitaenda na uso gani?"

*

Ijumaa saa nane mchana Subilaga alikuwa amekaa na mzee Gwamaka chini ya kile kisanduku. Saa tisa ikapita. Mzee alikuwa amevaa koti la harusi za watu, amenyoa, amejikata kidogo kidevuni. Hakuambiwa lolote la Masoko, kwa sababu Subilaga hakutaka kumpa tumaini halafu amnyang'anye. Aliambiwa tu kwamba wataijaribu namba mpaka dakika ya mwisho.

"Saba, tatu, tisa," aliimba mzee, kwa mara ya ishirini labda. Mvua ikamfunika. Alipofika kwenye nane akatulia, akasema kwa upole, "Basi, mwanangu. Umefanya kazi yako. Twende tukanywe chai."

Saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika thelathini na saba.

"Hodi wenyewe!"

Mzee Gwamaka akasimama. Namna alivyosimama, kiti kilianguka nyuma yake. Alikuwa ameshika kifua, ameutazama mlango uliofungwa, na uso wake wote ulikuwa umefunguka.

"Tupo?" alisema. "Tupokigwe?"

"Hapana, shemeji." Mlango ukasukumwa. Alikuwa amelowa chapachapa, mkongojo mkono huu, mkungu mdogo wa ndizi mkono ule. "Ni mimi. Ni Tusekile. Nisamehe, behewa lilisimama njiani."

 Mzee aliinua mkono kumzuia asije karibu, akafumba macho. "Sema tena," akamwomba. "Lolote. Sema ndizi."

"Nimekuletea ndizi, shemeji," Tusekile alisema.

Yule mzee akalia kwa sauti, bila kujificha, mikono imelegea ubavuni. Tusekile akaangusha mkungu, akaenda akamshika, na wakabaki hivyo hata Subilaga ikabidi aseme, "Wazee wangu, naomba radhi, zimebaki dakika kumi na tano." Kisha akatoka nje akafunga mlango. Wimbo wa nyumba hausikilizwi na mtu wa tatu. Kanuni zilizokuwa zimebaki kuvunjwa hazikuwa nyingi, hiyo angalau aliamua kuitunza.

Barazani mvua ilimeza tarakimu zote, akasikia wimbo tu. Ulikuwa wa jikoni, wa kutwangia, unapanda kidogo kila baada ya tatu. Ulikwenda dakika moja, ukaenda ya pili, ukasita mahali, ukaendelea. Katikati ya dakika ya nne ukakoma. Halafu kikasikika kile kilio chembamba cha kisanduku kinapofunguka, na sauti kubwa, maana mzee masikio yamezeeka na kisanduku kiliachwa juu kabisa.

"Tuse. Karibu ndani, dada yangu.

"Najua ni wewe. Mume wangu wimbo umemtoka, nimemsikia bafuni anakwama kwenye nane, maskini, anajifanya anakohoa. Ningeweza kumfundisha wa kwangu. Sikumfundisha. Nilitaka akose njia nyingine yoyote ila kukuita. Nimemrudia neno la mama mpaka nimechoka, sijui kama ameelewa, si unamjua.

"Siku ile nilipokutukana, nilirudi nyumbani nikaweka neno hapa mlangoni, neno baya sana, nikijua ukiingia tena utaanza kulisikia. Kila Jumapili nililikagua. Halikuguswa, Tuse. Mwaka ulipoisha nikajua nimekuonea. Miaka yote iliyofuata ilikuwa kiburi tu. Lile nimelifuta, nimeweka hili. Nisamehe. Umekuwa na ufunguo wangu maisha yako yote, ukanilindia mlango, nami nilikuita mwizi.

"Sasa mpikie huyo mzee chai, ana njaa huyo, akiwa na huzuni hali. Asiweke sukari. Atasema daktari amemruhusu, usimwamini. Gwamaka! Unanisikia? Njoo ule."

Mvua ilikuwa imepungua. Subilaga alijifuta uso kwa mtandio, akawaza juu ya Jumatatu, na lile daftari, na jina lake mwenyewe atakaloliandika chini kwa mwandiko unaosomeka. Aliogopa, na hakujuta. Saa ya kanisa ikagonga kumi.

Ndani, sauti ilikuwa inacheka. Sauti ile ile ilikuwa inalia. Iliita, "Gwamaka, sukari hapana," ikasema, "Pole, shemeji, kaa chini," na kutoka barazani Subilaga hakuweza hata kidogo kutambua ni ipi ya aliye hai.

Mzee Gwamaka hakujisumbua kutambua. Alikuwa anaziitikia zote mbili.